Jinsi ya Kuthibitisha Kwamba Mwanga Umehamisha Elektroni Katika Molekuli ya Rangi Yenye Matawi

Twanga majani mawili ya sukuma wiki, uyaloweke kwa dakika kumi katika spiriti ya kusafishia vidonda, kisha uchuje maji yake ya kijani ndani ya glasi safi. Ukizima taa ya chumba na kuyamulika maji hayo kwa taa ya zambarau ambayo wenye maduka huitumia kukagua noti bandia, utayaona yakitoa mng'ao mwekundu kama damu. Ukilimulika jani bichi ambalo halijatwangwa, wekundu huo hauonekani, au ni hafifu mno.

Maelezo yanayotolewa kwa kawaida ni kwamba katika jani bichi klorofili, ile rangi ya kijani ya majani, haipati nafasi ya kuurudisha mwanga, kwa kuwa nishati iliyofyonzwa hupokezanwa kutoka klorofili moja hadi nyingine mpaka ifike kwenye kitovu maalumu, na hapo, katika pikosekunde chache (pikosekunde ni sehemu moja ya trilioni ya sekunde), elektroni huhamia molekuli jirani. Maelezo hayo ni ya kweli, ila hayakuthibitishwa na glasi yetu wala taa yetu. Klorofili za jani bichi zimesongamana, nazo hufyonza tena sehemu kubwa ya mwanga mwekundu kabla haujatoka nje, na jambo hilo peke yake lingetosha kuufifisha wekundu hata kama hakuna elektroni hata moja iliyohama. Mng'ao kuzimika ni jambo moja, na elektroni kuhama ni jambo jingine. Mwongozo huu unaeleza hatua za kutoka kwenye jambo la kwanza hadi la pili bila kuruka yoyote, na nimeuandika kwa ajili ya wanafunzi wa kemia wa hapa Nairobi wanaoanza utafiti wao wakiwa na spektrofotomita (kipima ufyonzaji wa mwanga), fluoromita (kipima mng'ao) na kifaa cha voltametria (kipima volteji ambazo molekuli hutoa au hupokea elektroni), lakini hawana leza ya mapigo mafupi.

Chagua molekuli ambayo haitakuchanganya

Molekuli zenye matawi zilianza kutengenezwa kwa mpango mwaka 1978, pale Fritz Vögtle na wenzake walipoonyesha jinsi ya kurudia hatua zilezile za kemia ili tawi moja lizae mawili. Mwaka 1985 Donald Tomalia na wenzake wakachapisha dendrima zao, ambazo ni molekuli zilizogawanyika kama mti kutoka kitovuni hadi nchani. Uzuri wa umbo hilo kwa kazi yetu ni kwamba unaweza kuweka kitoaji cha elektroni kwenye kitovu na vipokezi kadhaa kwenye ncha, kila kimoja katika umbali unaoujua.

Mfano nitakaoufuata hadi mwisho ni wa porfirini ya zinki, molekuli bapa ya rangi iliyo jamaa ya klorofili, iliyo kitovuni kama kitoaji, yenye matawi manne mafupi, na kila tawi limebeba naftalini diimidi, kipokezi chetu, kwenye ncha yake. Sikuuchagua kwa sababu ya urembo wa rangi yake, ingawa zambarau yake inapendeza macho. Porfirini ya zinki hufyonza mwanga karibu na nanomita 550 na 590, ambako naftalini diimidi haifyonzi chochote, kwa hiyo unaweza kuamsha kitovu pekee bila kuzigusa ncha. La pili, ambalo ni kubwa zaidi, ni kwamba naftalini diimidi huanza kufyonza kwa nguvu karibu na nanomita 380, yaani inahitaji zaidi ya elektronivolti 3 (elektronivolti ni kipimo cha nishati ndogo za aina hii) ili isisimke, ilhali kitovu kilichosisimka kina elektronivolti 2 na ushei tu. Nishati haiwezi kupanda mlima huo. Uhamisho wa nishati kutoka kitovuni kwenda nchani, ambao huzima mng'ao sawasawa na uhamisho wa elektroni, unaondolewa kabla hujawasha kifaa chochote. Ukianza na rangi ambayo ncha zake zinaweza kupokea nishati na pia elektroni, utatumia miezi mingi kutenganisha mambo mawili ambayo ungeweza kuyatenganisha kwa kuchagua vizuri.

Pamoja na molekuli yenyewe, hakikisha una nyingine tatu za kulinganishia: porfirini ileile yenye matawi manne yasiyo na naftalini diimidi, porfirini yenye tawi moja tu lililobeba ncha, huku matatu yakiwa matupu, na ncha peke yake, bila kitovu. Najua kutengeneza ile yenye ncha moja ni kazi ya kuchosha, kwa sababu safu ya silika, tunayoitumia kutenganisha molekuli, hutoa mchanganyiko wa zenye ncha moja, mbili, tatu na nne, nazo hufuatana kwa karibu. Hata hivyo usiiache. Bila hiyo hutaweza kusema lolote kuhusu matawi, na utakuwa umepima porfirini tu.

Kiyeyushi, hewa na mwinuko wa Nairobi

Kwa vipimo vikuu tumia benzonitrili, ambayo huyeyusha porfirini vizuri na ina uwezo mkubwa wa kutuliza chaji, kipimo chake cha dielektriki kikiwa karibu 25. Weka pia tolueni, ambayo kipimo chake ni 2.4 tu, kwa sababu tutairudia baadaye. Benzonitrili ni sumu, kwa hiyo kazi yote ifanyike ndani ya kabati la kuvutia hewa, glavu zivaliwe, na masalio yakusanywe kwenye chupa yenye lebo badala ya kumwagwa kwenye sinki, maana maji taka ya mji yanamhusu kila anayeishi chini ya mkondo.

Oksijeni nayo huzima hali za msisimko, hivyo ni lazima uijue nguvu yake. Nairobi iko karibu mita 1,700 hadi 1,800 juu ya usawa wa bahari, ambako msukumo wa hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 20 ukilinganisha na Mombasa, na oksijeni inayoyeyuka kwenye kiyeyushi kilicho wazi hupungua kwa kiasi hichohicho. Kwa mng'ao wa porfirini ya zinki, ambao muda wake wa uhai ni karibu nanosekunde 2 (nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde), oksijeni ya hewani haina muda wa kufanya madhara makubwa, na tofauti kati ya thamani yako na ile iliyopimwa pwani itakuwa ya asilimia chache tu. Lakini hali ya tripleti, ambayo ni hali nyingine ya msisimko ya porfirini hiyohiyo, hudumu kwa muda mrefu mno kuliko nanosekunde 2, na kwayo hata oksijeni kidogo ni nyingi. Kwa hiyo pitisha viputo vya naitrojeni au agoni ndani ya myeyusho kwa dakika 20 kabla ya kila kipimo, na uipitishe gesi kwanza katika chupa yenye kiyeyushi kilekile, ili isije ikakausha myeyusho wako na kubadilisha ukolezi wake. Dirisha la maabara liwe wazi, kwa kuwa gesi hizo hazina harufu na zinaweza kuondoa hewa ya kupumua chumbani.

Andika pia halijoto. Asubuhi ya Julai maabara isiyo na kipasha joto inaweza kuwa na nyuzi 16, na mchana wa Februari ikapita 26. Mnato wa kiyeyushi na kasi ya mmenyuko hubadilika kati ya siku hizo mbili, na anayesoma daftari lako baadaye hatajua sababu kama hukuandika.

Piga hesabu kabla ya kupima

Kuna swali ambalo linajibika kwa karatasi na kalamu: je, elektroni ikihama, nishati itashuka au itapanda? Kanuni ambayo Dieter Rehm na Albert Weller waliiweka wazi mwaka 1970 inahitaji vitu vitatu: volteji ambayo kitoaji hupotezea elektroni, volteji ambayo kipokezi huipokea, na nishati ya hali ya msisimko.

Anza na nishati. Pima spektra ya ufyonzaji na spektra ya mng'ao ya porfirini isiyo na ncha, kisha tafuta katikati ya kilele cha mwisho cha ufyonzaji, ambacho tuseme kiko nanomita 590, na kilele cha kwanza cha mng'ao, tuseme nanomita 600. Katikati ni 595, na ukigawa 1,240 kwa 595 unapata elektronivolti 2.08.

Kisha nenda kwenye voltametria ya mzunguko. Yeyusha chumvi ya kupitisha umeme ndani ya benzonitrili ileile, ondoa oksijeni, na upime kitovu na ncha siku moja, kwa elektrodi zilezile, ukimalizia kwa kuongeza ferosini kidogo ili iwe alama yako ya kulinganishia. Wanafunzi wengi huhangaika kubadilisha volteji zao ziendane na elektrodi iliyotajwa katika makala fulani, na hukosea ishara au huongeza kiasi mara mbili. Ukweli unaotuliza moyo ni kwamba hesabu yetu inatumia tofauti kati ya volteji mbili, na tofauti hiyo haibadiliki hata ukitumia kipimo gani cha kulinganishia, mradi zote mbili zimepimwa kwa kipimo kimoja. Ikiwa kitovu kinatoa elektroni kwenye volti 0.75 na ncha inaipokea kwenye volti hasi 0.50, tofauti ni volti 1.25. Unganisha kifaa na betri ya akiba kabla ya kuanza, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya mzunguko unaweza kuiacha elektrodi ikiwa na utando, na mstari unaofuata hautakuwa wa kuaminika.

Sasa toa: 1.25 ukiondoa 2.08 ni hasi 0.83. Kimebaki kitu kidogo cha kuhesabu, ambacho ni mvutano kati ya chaji chanya iliyobaki kitovuni na chaji hasi iliyofika nchani. Ukigawa 14.4 kwa zao la kipimo cha dielektriki na umbali katika angstromu (sehemu ya kumi ya nanomita), unapata mvutano huo katika elektronivolti. Kwa kipimo cha 25 na umbali wa angstromu 13, jibu ni 0.04, nalo hutolewa pia kwa kuwa mvutano hushusha nishati. Jumla inakuwa hasi 0.87. Elektroni inashuka mteremko, tena mteremko mkubwa. Usiitumie njia hiyohiyo ya mkato kwa tolueni, kwa sababu volteji ulizipima katika benzonitrili, na katika tolueni ioni hupoteza sehemu kubwa ya utulivu wake. Ukibadilisha namba ya dielektriki kwenye sehemu ya mvutano peke yake, hesabu itakuonyesha kwamba tolueni inasaidia zaidi, jambo ambalo ni kinyume.

Kabla hujaifunga karatasi, piga hesabu ya safari ya kurudi. Chaji zilizotengana zina elektronivolti 1.21 juu ya hali tuli, na hizo ndizo zitakazopotea elektroni ikirudi kitovuni. Nadharia ya Rudolph Marcus, aliyoianza mwaka 1956 na kutuzwa Nobeli ya kemia mwaka 1992, inasema kwamba kasi huongezeka kadiri mteremko unavyokuwa mkubwa, mpaka mteremko ulingane na nishati ambayo molekuli na kiyeyushi huhitaji ili kujipanga upya. Ukizidi hapo, kasi huanza kupungua. Wengi walilipinga jambo hilo hadi mwaka 1984, pale John Miller, Gerhard Closs na mwenzao walipolionyesha kwa vipimo. Kwa molekuli yetu, nishati ya kujipanga upya ikiwa karibu 0.9, safari ya kwenda iko karibu na kilele cha kasi, na ya kurudi imekivuka. Hapo ndipo penye tumaini la chaji kukaa zikiwa zimetengana kwa muda unaofaa kitu.

Pima kuzimika kwa mng'ao, kisha ukutilie shaka

Andaa myeyusho wa molekuli yenye matawi manne na ule wa porfirini isiyo na ncha, kila mmoja ukiwa na ufyonzaji usiozidi 0.1 kwenye nanomita 550 katika kyuveti (kichupa cha kupimia mwanga) ya sentimita moja, kiasi ambacho kwa porfirini ya zinki hupatikana katika ukolezi wa karibu mikromola 4. Isisimue kwenye 550, kusanya mng'ao kutoka 570 hadi 750, na ulinganishe maeneo yaliyo chini ya mistari miwili. Porfirini ya zinki hung'aa kidogo tangu mwanzo, ikirudisha karibu fotoni 3 tu kwa kila 100 inazofyonza, kwa hiyo fungua mianya ya fluoromita kiasi cha kutosha na urudie kipimo mara tatu.

Hapa ndipo ninapoomba msomaji apunguze mwendo. Nilipokuwa mwanafunzi nilipoteza muhula mzima nikiwa na mstari mzuri sana wa kuzimika kwa mng'ao, uliopanda bila kuyumba kila nilipoongeza kizimaji, yaani dutu ya kuzima mng'ao, na niliuonyesha kwa fahari katika mikutano miwili ya idara. Kumbe kizimaji changu kilikuwa kikifyonza mwanga wa kusisimua kabla haujaifikia rangi. Mstari ulikuwa wa kweli, ila ulikuwa unapima kivuli. Tangu siku hiyo sikubali kuzimika kokote, kwangu au kwa mwanafunzi, kabla ya kupitia maswali yafuatayo.

La kwanza ni hilo la kivuli. Jumlisha ufyonzaji wa myeyusho kwenye wimbi la kusisimua na ule wa kwenye wimbi la mng'ao, gawa kwa mbili, na uzidishe mng'ao uliopimwa kwa 10 iliyopandishwa kwa jibu hilo. Ufyonzaji wa 0.1 kwenye wimbi la kusisimua peke yake hukuibia zaidi ya asilimia 10 ya mng'ao, wa 0.5 hukuibia karibu nusu. Marekebisho haya yanaaminika kwa namba ndogo tu, na ndiyo sababu ni bora kupunguza ukolezi kuliko kurekebisha.

Pili, je, molekuli zinashikamana? Porfirini bapa hupenda kulaliana kama chapati zilizopangwa kwenye sahani, na zikilaliana huzimana zenyewe. Punguza ukolezi mara kumi. Ikiwa elektroni inahama ndani ya molekuli moja, uwiano kati ya mng'ao wa yenye ncha na ule wa isiyo na ncha utabaki palepale. Ukibadilika, kuna molekuli mbili au zaidi zinazohusika na huna haki ya kuzungumzia tawi.

Tatu, changanya porfirini isiyo na ncha na ncha zilizo huru, kwa ukolezi uleule wa mikromola chache. Mng'ao haupaswi kupungua, maana katika nanosekunde 2 molekuli mbili zilizo mbalimbali kiasi hicho hazina muda wa kukutana. Tawi lililoziunganisha ndilo linalofanya kazi.

Nne, linganisha tolueni na benzonitrili. Uhamisho wa elektroni huzaa chaji, na chaji hupenda kiyeyushi chenye kuzituliza, kwa hiyo kuzimika kukipungua katika tolueni ni dalili njema. Lakini ni dalili tu, tena ya upande mmoja: kwa molekuli yenye mteremko mkubwa kama hii yetu, elektroni inaweza kuendelea kuhama hata katika tolueni, na mtu asiandike kwamba uhamisho haupo kwa sababu kiyeyushi hakikuleta tofauti.

Kwa wale ambao kitoaji chao ni amini iliyo kwenye ncha badala ya porfirini kitovuni, kuna jaribio jingine lililo rahisi na lenye nguvu: tone dogo la asidi hufunga jozi ya elektroni ya naitrojeni, amini haiwezi tena kutoa, na mng'ao hurudi. Usilifanye kwa porfirini ya zinki, kwa kuwa asidi hung'oa zinki na kukuachia molekuli nyingine kabisa.

Je, matawi manne ni tawi moja mara nne?

Swali hili ndilo linalofanya rangi zenye matawi zistahili taabu yake, na linahitaji muda wa uhai wa mng'ao, si ukubwa wake tu. Tumia kifaa kinachohesabu fotoni moja moja baada ya pigo fupi la mwanga. Tuseme porfirini isiyo na ncha inaishi nanosekunde 2.0, na yenye ncha moja inaishi 0.40. Kasi ya uhamisho ni tofauti ya mapindu ya namba hizo (moja ikigawanywa kwa kila namba), yaani 2.5 ukiondoa 0.5, ambayo ni bilioni 2 kwa sekunde. Ikiwa kila tawi linafanya kazi bila kujali mengine, matawi manne yatatoa bilioni 8. Ongeza bilioni 0.5 za kufifia kwa kawaida, na muda wa uhai unaotarajiwa ni nanosekunde 0.118, yaani pikosekunde 118.

Namba hiyo iandikwe kwenye daftari kabla ya kupima, kisha kipimo kifuate. Ukipata karibu 118, matawi yanajitegemea, na hilo ni jibu kamili linalostahili kuandikwa bila aibu. Ukipata muda mfupi zaidi, matawi yanasaidiana, au ncha mbili zimekaribiana kiasi cha kushirikiana elektroni. Ukipata mrefu zaidi, kwanza tilia shaka usanisi wako: molekuli iliyokosa ncha moja kati ya nne ingeishi pikosekunde 154, na macho hayawezi kutenganisha mchanganyiko wa 118 na 154 kwenye mstari mmoja unaoshuka. Spektra ya masi, inayopima uzito wa molekuli, ndiyo itakayokuambia. Kagua pia chanzo chako cha mwanga, kwa sababu vifaa vinavyotumia mapigo ya LED mara nyingi vina pigo la upana wa nanosekunde nzima, na kupima pikosekunde 118 kwa pigo kama hilo ni sawa na kupima unene wa unywele kwa rula ya darasani.

Uchafu mdogo unaweza kukudanganya kwa namna ambayo wengi hawaitarajii. Molekuli yenye matawi manne inabaki na karibu asilimia 6 tu ya mng'ao wake. Ikiwa asilimia 2 ya unga wako ni porfirini isiyo na ncha, hiyo inang'aa kwa nguvu zake zote, na karibu robo ya mwanga wote unaouona itatoka kwake. Mstari wa muda wa uhai utakuwa na mkia mrefu wa nanosekunde 2. Usiupe mkia huo jina la mchakato mpya. Rudi kwenye safu ya silika.

Urefu wa tawi nao una sheria yake. Kupitia minyororo ya kaboni isiyo na vifungo maradufu, kasi hupungua takriban mara kumi kwa kila angstromu 2.3 za nyongeza, ilhali kupitia matawi yenye vifungo vimoja na maradufu vinavyopokezana hupungua taratibu zaidi. Kwa sababu hiyo mti mkubwa si lazima uwe bora: vizazi vya matawi vinavyozidi kuongezeka vinaweza kukizunguka kitovu kama ganda na kukitenga na vipokezi vilivyo nje.

Ishike elektroni nchani

Yote yaliyotangulia yanaonyesha kwamba kitu fulani kimeuzima mng'ao na kwamba elektroni ndiyo mshukiwa pekee aliyebaki. Bado hatujaiona. Naftalini diimidi iliyopokea elektroni ina alama yake, ambayo ni kilele kipya cha ufyonzaji karibu na nanomita 475, katika uwazi uliopo kati ya vilele vikubwa vya porfirini. Ili kilele hicho kijikusanye kiasi cha kuonekana kwa spektrofotomita ya kawaida, ni lazima kitovu kilichopoteza elektroni kirudishiwe nyingine upesi kabla ile ya kwanza haijarudi.

Weka mikromola 10 za molekuli yenye matawi katika kyuveti yenye kizibo cha mpira, ongeza trietilamini, ambayo ndiyo itakayokirudishia kitovu elektroni, hadi ukolezi wa karibu mola 0.2, na uondoe oksijeni. Nunua LED ya manjano-chungwa ya nanomita 590 katika maduka ya vifaa vya umeme ya Luthuli Avenue, na uikague spektra yake kwa fluoromita, kwa sababu rangi iliyoandikwa kwenye pakiti si lazima iwe rangi iliyomo ndani. LED ya zambarau au ya urujuani haifai hata kidogo, maana itazisisimua ncha zenyewe, nazo zitanyakua elektroni ya trietilamini moja kwa moja bila kitovu kuhusika. Mulika kwa dakika mbili, pima, mulika tena, pima tena, ukiwa umeifunika kyuveti nyingine iliyo sawa kwa karatasi ya alumini ili ikuonyeshe kinachotokea gizani.

Kilele cha 475 kikipanda katika kyuveti iliyomulikwa pekee, fungua kizibo na uiache hewa iingie. Oksijeni itaichukua elektroni na kilele kitazama. Nimeliona jambo hilo mara nyingi na bado hunifurahisha, kwa kuwa ni vigumu kupata ushahidi ulio wazi zaidi kwa kifaa cha bei ya kawaida. Hata hivyo soma matokeo kwa kiasi. Jaribio hili linaonyesha kwamba mwanga uliofyonzwa na kitovu unaweza kuifikisha elektroni nchani, bila kuonyesha kwamba ilifika katika pikosekunde 118. Mchanganyiko wa porfirini na ncha zilizo huru unaweza pia kutoa kilele hicho polepole, kwa sababu tripleti ya porfirini huishi muda wa kutosha kukutana na ncha, na bado ina nishati ya kuipa elektroni. Kilele kisipoonekana, nako si ushahidi wa kinyume. Huenda elektroni hurudi kitovuni kabla trietilamini haijafika.

Andaa sampuli kwa ajili ya leza

Kipimo cha mwisho huhitaji leza ya mapigo mafupi, ambayo kwa wengi wetu maana yake ni kushirikiana na maabara iliyo nchi nyingine. Usitume unga na kuomba upimwe tu. Tuma miligramu chache za kila moja kati ya molekuli nne, zikiwa kavu, katika chupa za kahawia zilizofungwa chini ya naitrojeni, pamoja na spektra zako zote, volteji zako, na namba uliyoiandika kabla ya kupima. Omba usisimuaji ufanyike kwenye nanomita 550 katika benzonitrili isiyo na oksijeni, na ufuatiliaji ufanyike katika sehemu mbili: kwenye 475, ambako elektroni hufika, na katika eneo la 620 hadi 680, ambako porfirini iliyopoteza elektroni hufyonza. Kisha angalia muda. Mng'ao wa kitovu ukififia kwa pikosekunde 118, alama ya ncha ikipanda kwa pikosekunde zilezile 118, na alama zote mbili za chaji zikishuka baadaye kwa pamoja katika muda wao mmoja, andika katika tasnifu yako kwamba mwanga umehamisha elektroni kutoka kitovuni hadi nchani.